Vakansi ku Kahuzi-Biega: twende, lakini tuulize

Vakansi imefika, na kwenye WhatsApp za vijana wa Bukavu makundi yamekwisha kufunguliwa: nani atalipa gari, nani atabeba chakula, siku gani tunapanda Tshivanga kuona gorila. Tunafurahi. Kwa miaka mingi tuliwaachia wageni parke yetu, sawa vile haikuwa yetu. Mtoto wa Ibanda au Kadutu anajua simba wa kwenye televisheni, lakini mlima Kahuzi anauona tu kwa mbali, siku mvua imesafisha anga. Na ni kilometa 30 hivi tu.

Basi twende. Ila kuna jambo moja tunaomba kila mmoja abebe ndani ya begi, pamoja na maji na koti ya mvua.

Parke ilianzishwa mwaka 1970, kisha mwaka 1975 ikapanuliwa hadi kilometa mraba 6.000 hivi. Ndani ya msitu ule walikuwa wanaishi Batwa. Walifukuzwa. Wengi mpaka leo wanaishi pembeni, Kabare na Kalehe, kwenye kipande cha udongo cha mtu mwingine, wanalimia wengine ili wale jioni. Na ni Batwa hao hao waliojua kufuata nyayo za gorila. Adrien Deschryver, Mbelgiji ambaye jina lake linatajwa kila mara parke ikizungumzwa, hakuingia msituni peke yake. Batwa walimtangulia.

Tunayakumbusha haya juu mwezi wa saba wa 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile ya Banjul, ilitangaza uamuzi wake: Leta ya Congo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Iliomba warudishiwe ardhi yao na walipwe fidia. Sheria ya kulinda Batwa tunayo pia, ya mwaka 2022. Karatasi hazikosi kwetu.

Tuseme ukweli wote lakini. Tangu 2018, familia kadhaa za Batwa ziliporudi msituni, kumekuwa na mapigano na walinzi, na watu wamekufa pande zote mbili. Miti imekatwa mingi. Kuna Batwa waliokata, hatuwezi kuficha. Lakini wenye kutajirika ni wafanyabiashara na watu wenye silaha, na gunia la makala likitoka kule juu linateremka wapi? Linateremka Bukavu. Linapikia maharagi yetu. Anayelipa kiingilio Jumamosi kusifu msitu, na Jumatatu ananunua makala bila kuuliza yametoka wapi, amefanya nini hasa? Swali hili linatuuma sisi wenyewe, maana hata kwenye mikutano yetu chai inapikwa ku makala.

Kwa hiyo mwenzetu, kabla ya kulipa, uliza. Pesa ya kiingilio, ngapi inafika ku vijiji vya pembeni? Wenye kufuata nyayo za gorila leo, kuna Batwa kati yao, na wanalipwa kila mwezi ao wanangojea tu bakshishi? Usiogope kuonekana msumbufu. Mgeni kutoka Ulaya anauliza na anajibiwa kwa heshima. Wewe mwenye inchi unanyamaza kwa nini?

Ukifika kijijini, usirushe franka ili watoto wachezee simu yako. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha mama wa watu, na akikataa, imeisha. Ukitaka kuacha pesa, nunua chungu: mama wa Kitwa wanafinyanga vizuri, na usibishane bei mpaka machozi.

Na gorila, tafazali: anashika magonjwa yetu. Mwenye kikohozi abaki nyumbani, hata kama amekwisha kulipa. Vaa maski, kaa mbali, saa moja ikiisha toka. Tunajua picha ya karibu inapendeza kwenye simu. Mafua yako yanaweza kuua jamaa nzima.

Kwa ICCN na kwa serikali ya provensi tunaomba vitu viwili: bandika ku mlango wa Tshivanga hesabu ya pesa ya watalii, kwa Kiswahili, ili kila raia asome, na mwambie Batwa, mbele ya watu, ni lini uamuzi wa Banjul utaanza kutekelezwa.

Kundi letu litapanda Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Tutalipa kama wengine, tutauliza maswali haya pale mlangoni, na jibu tutakalopewa tutaliweka hapa, hata kama ni kunyamaza.