Barua ya wazi kwa Msajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga: muuguzi apewe kisu, apewe na mipaka yake

Ndugu Msajili,

Naliomba Baraza liandae mafunzo rasmi, yenye mtihani na leseni yake, ya kuwawezesha wauguzi kufanya upasuaji mdogo wa ngozi katika hospitali za wilaya na vituo vya afya.

Wapo watakaoruka wakisikia muuguzi ameshika kisu. Amekishika siku nyingi. Anayetoa vipandikizi vya uzazi wa mpango mkononi mwa mama ni yeye: anachoma ganzi, anachana ngozi kidogo, anavuta kijiti, anafunga. Mkunga anashona msamba uliochanika usiku wa manane. Kwenye kampeni za tohara mkoani Iringa, wauguzi waliofundishwa walitahiri wanaume. Na madaktari wasaidizi, wasio na shahada ya udaktari, wamewazalisha kina mama wa nchi hii kwa upasuaji miongo mingi. Hoja kwamba mkono wa muuguzi hauwezi haina mashiko.

Ninayemfikiria zaidi ni mtu mwenye ualbino anayelima kisiwani Ukerewe. Jua linamla ngozi tangu utotoni. Huanza magamba makavu usoni, masikioni na nyuma ya shingo, na baadhi yake yakiachwa hugeuka saratani. Kidonda kikiwa bado cha ukubwa wa punje ya mahindi, mara nyingi ganzi, mkato mdogo na nyuzi chache hutosha. Lakini anaandikiwa rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, na rufaa ni nauli ya meli kutoka Nansio, ni mtu wa kumsindikiza, ni siku za palizi zilizopotea. Anarudi shambani. Atakapofika Mwanza, kidonda kimeshakula sikio.

Kukata na kushona si sehemu ngumu ya mafunzo haya. Wenzetu wa Uingereza hujifunzia miguu ya nguruwe. Sisi hata ya mbuzi inatosha. Kazi ni kumfundisha mtu asichopaswa kugusa. Kovu nene la kifuani au kwenye ndewe ya sikio, likikatwa bila matibabu mengine, hurudi kubwa kuliko lilivyokuwa. Doa jeusi linalopanuka kwenye unyayo laweza kuwa melanoma, saratani ambayo kwa watu weusi hupenda kutokea hapo. Huyo aandikiwe rufaa siku hiyohiyo. Panjani unapita juujuu mshipa wa fahamu unaoinua nyusi, na ukikatwa, nyusi huanguka. Ganzi nayo ina kipimo: lignokeini isiyo na adrenalini haizidi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo 50 hafikishi hata mililita 8 za ile ya asilimia 2.

Kuna sharti moja ambalo mimi nisingelilegeza kwa yeyote, awe muuguzi au bingwa: kila kinyama kinachokatwa kiende maabara ya patholojia. Kikitupwa kwenye ndoo ya taka, hakuna atakayejua kama ilikuwa saratani wala kama imeisha. Kituo kisicho na chupa ya formalini na mtu wa kufuatilia majibu kisianze kabisa.

Mahali pa kufundishia papo. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha watumishi wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992, na kimezoea kuwafuata watu wenye ualbino vijijini.

Muuguzi naye alindwe. Leo akitoa kinyama kwa kuombwa na daktari aliyezidiwa na kazi, mambo yakiharibika anasimama peke yake mbele ya Baraza lako. Posho na mtu wa kumpokea wodini navyo vijadiliwe mapema, maana anayelinda wodi nzima peke yake hawezi kuingia chumba cha upasuaji.

Naomba basi mkae na Baraza la Madaktari Tanganyika pamoja na walimu wa Moshi. Andikeni anachoruhusiwa muuguzi na asichoruhusiwa, na ni wagonjwa wangapi atawapasua chini ya msimamizi kabla ya kupewa leseni. Kisha anzeni na Kanda ya Ziwa, Ukerewe iwe ya kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuguzi mstaafu, Mwanza