Mwonevu Hazaliwi Skuli

Ndugu msomaji, ukiletewa mashitaka kuwa mwanao amempiga mwenziwe, husema: "Kaharibiwa na skuli." Si kweli! Nani aliyemwita mtoto wa jirani "kengeza", nyumba nzima ikacheka? Nani aliyemwambia mwalimu wa chuoni: "Mpige utakavyo, nibakishie macho tu"? Ni wewe.

Huko Kenya, fungu la 36 la Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 limekataza kumtesa mwanafunzi, mwili wake na nafsi yake. Wako wenzetu wasemao hayo ni mambo ya Kizungu. Subhanallah! Kwani Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, haikutukataza kuchezana shere na kupachikana majina mabaya? Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka 10 tangu utotoni, asikemewe hata kwa "ah!" Hayo nayo ni ya Kizungu?

Basi anza leo. Mwanao akirudi, usimuulize alama tu; muulize amemliza nani, na nani kamliza yeye. Akiwa kadhulumu, mshike mkono mwende mkaombe radhi pamoja. Kesho utaulizwa juu yake.