Ota Fuso, lakini weka gunia

Wiki hii mwenzenu nawaandikia kutoka Kivukoni, Ifakara, kando ya mto Kilombero. Zamani hapa watu walisota kungoja pantoni. Daraja la mita 384 lilizinduliwa Mei 2018, sasa unavuka huku unapiga mluzi. Vijiwe ndivyo havijahama, na mada inayotamba vijiweni ni moja: eti utajiri unaanzia kichwani.

Utamsikia kijana: "Maandiko yanasema ukiamini umepata, umepata!" Anafumba macho, analiona Fuso lake. Akifumbua, anaona baiskeli ya jirani.

Mawazo hayo si ya jana. Neville Goddard, mzaliwa wa Barbados aliyefundisha Marekani na kufariki 1972, alisema habari za Biblia zinatokea ndani ya moyo wa msomaji, na kwamba unachokiwaza na kukihisi kama tayari unacho, ndicho utakachokipata. Simbezi. Mtu asiyeweza kuona jema kichwani atalijengaje kwa mikono?

Ila jamani, tusome habari yote. Mchukue Yusufu, yupo katika Mwanzo 41 na pia katika sura ya 12 ya Qur'ani. Yuko gerezani, mfukoni hana kitu, lakini ndani amejaa. Mfalme wa Misri anaota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda. Wataalamu wake wote chali! Yusufu anaona miaka saba ya neema, kisha saba ya njaa. Je, alifumba macho akangoja? Thubutu! Katika Biblia anashauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba. Katika Qur'ani anasema nafaka iachwe kwenye masuke yake, itolewe kidogo tu ya kula.

Watu wa bonde hili hapo wanaelewa upesi. Mpunga wenye maganda hukaa kuliko mchele uliokobolewa. Lakini mavuno yakiingia tu, gunia linatoka kwa bei ya kutupa, kisa simu mpya na starehe za Jumamosi. Masika yakikolea, mkulima yule yule yuko dukani ananunua mchele kwa kilo. Wanaouza kwa sababu ya ada au deni la pembejeo siwasemi, hao wamebanwa. Nawasema nyie wa Fuso la hewani.

Mimi maandiko hayo nayasoma hivi: kuwaza kwenyewe ni kuiona Februari ukiwa Juni. Na utajiri wa ndani ni kulitazama gunia lililojaa, usilikimbilie. Mwenye njaa ya moyo hata umpe bonde zima la Kilombero, Krismasi haitamkuta nalo.

Kwa hiyo usiku fumba macho, ota Fuso lako hadi rangi. Kukicha, weka gunia moja pembeni kwa ajili yake. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.