Kompyuta ya picha: tuanze na kioo, si kasi

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Mimi, mpiga picha wa Kibungo, nimeujua ukweli wa maneno hayo kwa fedha yangu na kwa aibu yangu.

Wateja wangu wengi ni ndugu zetu waliorejea kutoka Tanzania kupitia Rusumo. Huniletea picha kongwe zilizokaa miaka mingi ndani ya mabegi, zimekunjika na kupauka, wakitaka zitengenezwe upya. Mama mmoja aliniletea picha ya marehemu mama yake, na hakuwa na nyingine. Niliishughulikia siku mbili, nikaichapisha kubwa. Aliitazama kwa muda, kisha akasema: "Mwanangu, huyu si mama." Uso ulikuwa mweupe kama majivu.

Kosa lilitoka wapi? Nilikuwa nimenunua laptop ya mtumba iliyovushwa mpakani, na muuzaji aliisifu kwa kasi ya prosesa yake. Kweli ilikuwa na kasi. Lakini kioo chake kilikuwa cha aina ya TN, ambacho rangi zake hubadilika kufuatana na mahali ulipokaa. Ukikitazama kutoka chini, picha huingia giza; ukikitazama kutoka juu, hupauka. Mimi niliona giza lisilokuwepo, nikauongezea mwanga uso ambao haukuuhitaji. Prosesa ya kasi ilinisaidia kukosea haraka tu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mwenye fedha kidogo anayetaka kutengeneza picha aanze na kioo. Atafute cha aina ya IPS, na aulize kinaonyesha asilimia ngapi ya rangi za sRGB. Kikikaribia 100, kinafaa. Asiyehitaji kutembea na mashine anunue kompyuta ya mezani, maana siku akibadilisha kasha, kioo kizuri kitabaki.

Baada ya kioo, atazame RAM. GB 8 zinatosha kuanzia, lakini GB 16 humwondolea usumbufu mwenye kufungua picha kubwa kadhaa kwa pamoja. Tena aulize kama inaweza kuongezwa baadaye, kwani baadhi ya laptop hazina nafasi hiyo. Diski iwe SSD, na pembeni iwepo diski ya pili ya kuweka nakala. Diski zote hufa, na picha ya marehemu haipigwi mara ya pili. Ile kadi kubwa ya michezo ya video inaweza kusubiri.

Najua ndugu zangu wafanyabiashara wa mpakani watanijibu kwamba mteja huuliza bei kwanza. Ni kweli, na siwalaumu. Lakini mteja huuliza anachokijua. Mkimweleza tofauti ya vioo, ataelewa kwa nini mashine mbili zinazofanana hazina bei moja, na atarudi kwenu. Mwelezeni pia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na kwamba laptop nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Kumficha mteja jambo hilo ni kupata faida ya siku moja.

Kipimo ni rahisi wala hakihitaji fundi. Fungua picha ya uso wa mtu unayemfahamu. Simama, kisha chuchumaa. Uso ukibadilika rangi, mrudishie mwenye duka mashine yake.

Picha ya yule mama niliirudia bure, kwenye kioo cha rafiki yangu, nikiwa nimeweka ile ya zamani pembeni. Alipoipokea hakunisifu. Aliifunga ndani ya kitenge chake, akasema anaipeleka nyumbani watoto wamwone bibi yao.