Mafiga ya Mama Mkwe na Baridi ya Meru



Binti yetu mmoja wa Mombasa, aliyeolewa Meru, ametuletea swali. Mumewe ana akiba kidogo. Yeye aomba jiko jipya, mume ataka kuezeka banda la ng'ombe, na mama mkwe hataki mafiga yake yaguswe, kwani moshi hufukuza wadudu darini na moto huwapa joto. Je, ang'ang'anie au anyamaze?

Sisi wa pwani tusiharakishe kumcheka mama huyo. Meru na Embu zimekaa miteremkoni mwa Mlima Kenya, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai ukungu na manyunyu hushinda mchana kutwa. Huko meko ndiyo sebule. Moshi nao kweli huhifadhi mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu yake. Kuhusu wadudu, paa za siku hizi ni za mabati, lakini boriti bado ni miti, basi hoja yake haikufa yote.

Hata hivyo, moshi huo hauchagui wadudu peke yao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majikoni uliua watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Anayeuvuta zaidi ni mpishi, pamoja na mtoto aliye mgongoni mwake.

Kwa hiyo jawabu letu ni kuwa jiko libadilishwe, tena kabla ya banda. Katika madhehebu yetu ya Shafii, vyombo vya kupikia vimo katika nafaka inayomlazimu mume. Mke akidai jiko lisilomdhuru hadai anasa, wala hapaswi kulinunua kwa fedha zake za kushona, ila akipenda mwenyewe.

Lakini lipi? Gesi ni safi, na kodi yake iliyorejeshwa kwa asilimia 16 Julai 2021 iliondolewa Julai 2023. Ila githeri ya mahindi makavu na maharagwe huchemka kwa saa nyingi, na mtungi mdogo hautafika mwisho wa mwezi. Tunaona afadhali gesi iwe ya chai, uji na mboga, na githeri ipikwe kwa jiko la kuni lililoboreshwa, mfano wa lile la Maendeleo, lililopata jina kwa chama cha Maendeleo ya Wanawake kilicholieneza miaka ya 1980. Udongo wake wa kuchomwa huzunguka moto, joto lisipotee kandokando kama kwenye mafiga, na matawi ya mibuni iliyopogolewa hulitosha. Maharagwe yalowekwe usiku. Dirisha la jikoni nalo lipanuliwe, maana jiko la kuni, hata likiboreshwa, halikosi moshi. Na kwa kuwa ng'ombe wapo, siku moja mume aweza kufikiria gesi ya samadi. Wapo wanaoiogopa kwa sababu ya najisi, lakini kutumia samadi kwa mbolea au kwa moto hakukuharamishwa.

Limebaki moja, nalo ndilo lililotutia hofu katika barua yake. Aandika kuwa usiku wa baridi huingiza seredani ya makaa chumbani, wakafunga madirisha, wakalala na watoto. Hapa pwani seredani hukaa uani, upepo ukapita. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo rangi wala harufu. Aliyelala haamshwi na kikohozi; huzidi kusinzia mpaka roho ikatoka. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza moto uachwe ukiwaka nyumbani watu walalapo. Jambo hili halingojei akiba wala ridhaa ya mama mkwe. Usiku huu huu seredani itoke nje, zinunuliwe blanketi.

Ama mafiga, yasivunjwe mbele ya macho ya mama. Yahamishiwe kibanda cha wazi, achemshie hapo maji ya kuoga na chakula cha shughuli. Na mume ndiye aende kumweleza, si mkewe.

Wallahu aalam.