Msiishie Kwenye Sifa za Mfalme

Mwaka 893 mfalme Yasovarman I wa Wakhmer aliweka wakfu hekalu la Lolei, katika Kambodia ya leo: minara minne ya matofali juu ya kisiwa katikati ya bwawa la Indratataka, ambalo baadaye lilikauka. Aliwakusudia wazazi wake na wazee waliowatangulia. Kumbukumbu ya wakfu huo imechongwa katika mawe, kwa Kisanskriti na kwa Kikhmer.

Kisanskriti humsifu mfalme kwa mashairi: nasaba, ushindi, uchaji. Kikhmer, lugha ya wananchi, huorodhesha mali na watu waliotolewa kwa miungu. Kwa hiyo tumezoeshwa kuiita sehemu ya kwanza fasihi, na ya pili daftari la bohari.

Napinga mgawanyo huo. Daftari ndilo linalotaja gharama ya utukufu. Miimo ya milango ya Lolei imejaa majina ya watu, mmoja mmoja, waliopangwa kwa zamu: kundi la nusu ya mwezi yenye mwanga na kundi la nusu yenye giza. Katika orodha za Kikhmer za namna hii wamo wapishi, waimbaji, wacheza ngoma na wanawake walioandikwa pamoja na watoto wanaonyonya. Wapo walioitwa Mbwa, wapo walioitwa Anayenuka. Huenda baadhi yalikuwa majina ya kinga, kama wazazi wa kwetu wanavyompa mtoto jina baya ili mauti yampite. Lakini hakuna mfalme katika mawe hayo aitwaye Mbwa.

Wako wanaojitetea kwamba hao hawakuwa watumwa bali watumishi wa mungu. Neno lenyewe la Kikhmer lina mjadala, nakubali. Hata hivyo, maandishi mengine ya Wakhmer wa kale yanaeleza watu walionunuliwa kwa fedha, kwa nguo au kwa nyati. Anayebadilishwa kwa nyati hakujitolea.

Mtumishi wa umma analijua jambo hili kuliko mwanahistoria: hotuba ya uzinduzi humtaja mgeni rasmi, na waliochimba msingi hupatikana katika orodha ya malipo. Mwanaharakati asiyesoma orodha hiyo atabaki kubishana na hotuba. Nanyi wanafunzi, mkifika mbele ya jiwe lenye lugha mbili, anzeni na ile inayohesabu watu. Sifa za mfalme hazitapotea. Zina wasomaji wa kutosha.