MAJI YA CHINI YAKIISHA KUTIWA SUMU



Mtu akimwaga dawa ya kiwandani hudhani ardhi imeimeza, kumbe imekwenda kisimani. Huko Rancho Cordova, California, chumvi ya perikloreti itumiwayo katika roketi iliingia hivyo katika maji ya chini. Chumvi hiyo huizuia tezi ya shingo isipate madini ya joto.

Tangu mwaka 1998 maji hayo huvutwa kwa pampu, yakapitishwa katika matangi makubwa yenye chembe za makaa. Juu ya makaa hayo wanakaa vijidudu, nao hulishwa alkoholi. Wakikosa hewa ndani ya maji huchukua oksijeni iliyomo katika sumu yenyewe, ikabaki kloraidi, ile ile iliyomo katika chumvi ya mboga. Ni wafanyakazi hodari, wala hawadai ovataimu, lakini wakinyimwa chakula hugoma mara moja!

Lakini kusafisha huko huchukua miaka na miaka. Sisi tushikao dawa za kusafishia vyuma, na wake zetu huteka maji karibu na karakana, twataka mapipa ya dawa chafu yawekwe sasa, na visima vya landhi vipimwe. Mwenye kujua mahali palipomwagwa dawa amwambie Katibu wa Tawi kabla hajaonana na wakubwa.